Uvimbe Ukiisha, Ugonjwa Haujaisha: Elimu ya Moyo Kushindwa Kazi Ilivyobadilika



Katika ukurasa wetu wa afya leo tutasoma juu ya ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi sana, lakini elimu juu yake imebadilika. Kuna dawa iliyokatazwa zamani ambayo leo inaokoa maisha. Kuna nyingine iliyotazamiwa kuleta nguvu, kumbe iliongeza vifo.

Pengine utauliza: mimi mkulima, habari za utafiti zinanihusu nini? Zinakuhusu sana. Katika zahanati za vijijini tunaona jambo moja mara kwa mara. Mgonjwa wa moyo anapewa dawa. Uvimbe wa miguu unakwisha, anarudi shambani, kisha anaacha dawa. Anasema, "Nimepona." Baada ya miezi michache analetwa amebebwa, anahema. Wengine hawafiki.

Wagonjwa hawa si wajinga. Wanafikiri kama madaktari wengi walivyofikiri kwa muda mrefu: kwamba ugonjwa ni maji, na maji yakitoka ugonjwa umekwisha. Somo la leo linaeleza jinsi wataalamu walivyogundua kwamba sivyo.

1. KAZI YA MOYO

Moyo ni pampu ya damu. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenye moyo huo. Mtu mzima akipumzika, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ukipiga mara 70 kwa dakika, kwa siku moja umepiga zaidi ya mara 100,000. Haupumziki hata usiku.

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama. Fikiri juu ya pampu ya kisima cha kijiji. Mpira wake ukichakaa, unasukuma mpini kwa nguvu lakini maji yanatoka kidogo. Moyo ulioshindwa ni hivyo hivyo. Unapiga, lakini damu haisukumwi ya kutosha. Damu inarudi nyuma na kujazana, na maji yanavuja kwenye mapafu na miguuni.

Dalili zake ni hizi:
- Kuhema kwa kazi ndogo, kama kubeba ndoo au kupanda kilima kidogo.
- Kushindwa kulala chali. Mgonjwa hutaka mito mingi, au huamka usiku na kukaa ili apate pumzi.
- Miguu kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.
- Tumbo kujaa, kikohozi cha usiku, na uchovu usiokwisha.

Mtu mwenye dalili hizi asikae nyumbani. Afike zahanati mapema.

2. MIAKA YA KUFUKUZA MAJI

Zamani huko Ulaya, mgonjwa aliyevimba alitolewa damu kwa kisu au kwa ruba. Wengine walitobolewa miguu ili maji yatoke. Wachache walipata nafuu, tena ya siku chache tu.

Mwaka 1775 daktari mmoja Mwingereza, William Withering, aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya bibi kizee wa eneo la Shropshire. Bibi huyo alikuwa na dawa ya siri ya kutibu uvimbe. Ilikuwa na majani ya aina zaidi ya 20. Withering aliichunguza, akaona kwamba nguvu yote imo katika mmea mmoja wa porini wenye maua ya zambarau yenye umbo la kengele. Kwa miaka kumi aliujaribu kwa wagonjwa wake. Aliandika habari za waliopona na za wasiopona. Mwaka 1785 akatoa kitabu.

Withering alionya jambo kubwa: mmea huo ni sumu. Kipimo kidogo kinasaidia, kikizidi kinaua. Kutokana na mmea wa ukoo huo ikapatikana dawa ya digoksini, ambayo bado inatumika kwa baadhi ya wagonjwa, kwa kipimo kidogo sana. Hapa tunajifunza kwamba mti shamba unaweza kuwa dawa ya kweli. Tunajifunza pia kwamba bila kipimo, dawa ya kweli ni hatari.

Mwaka 1919, mjini Vienna, Austria, sindano yenye zebaki iliyokuwa ya kutibu kaswende ilionekana kumkojoza mgonjwa sana. Kwa miaka mingi ikawa dawa ya kutoa maji, ingawa zebaki ni sumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 vilipatikana vidonge bora vya kukojoza. Furosemidi, ambayo wagonjwa wetu wengi wanaifahamu, ilianza kutumika katika miaka ya 1960.

Vidonge hivi ni vizuri. Vinapunguza uvimbe na kumrudishia mgonjwa pumzi. Lakini hata baada ya uvimbe kuisha, wagonjwa waliendelea kufa. Maji yalikuwa dalili. Chanzo kilibaki.

3. MASHAMBA MAWILI

Mtu anajuaje kwamba dawa fulani inaokoa maisha? Hapa wakulima wataelewa upesi.

Ukitaka kujua kama mbolea inafaa, unachukua vipande viwili vya shamba vyenye udongo sawa. Unapanda mbegu moja, siku moja. Kipande kimoja unatia mbolea, kingine hutii. Wakati wa mavuno unapima magunia. Ukitia mbolea kwenye udongo mzuri tu, umejidanganya.

Watafiti wa dawa hufanya hivyo hivyo. Wagonjwa wanaokubali hugawanywa makundi mawili kwa kura, ili mtu asichague wenye afya nzuri upande mmoja. Kundi la kwanza hupewa dawa mpya. Kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Wote huendelea na matibabu yao ya kawaida. Baadaye wanahesabiwa walio hai na waliokufa.

Hili lilikuwa badiliko kubwa. Zamani daktari aliuliza, "Je, uvimbe umepungua?" Sasa utafiti ukauliza, "Je, mgonjwa yu hai?" Swali lilipobadilika, majibu nayo yalibadilika.

4. LA MGAMBO LIKILIA

Wataalamu walipochunguza zaidi, waliona kwamba mwili wenyewe unauumiza moyo dhaifu. Jambo hili ni la ajabu kidogo, kwa hiyo soma polepole.

Damu ikisukumwa kidogo, figo na ubongo hudhani kwamba mtu amejeruhiwa na anavuja damu. Mwili unapiga mbiu ya hatari. Mbiu hiyo ni kemikali zinazoitwa homoni. Zinauamuru moyo upige haraka. Zinabana mishipa ya damu. Zinaziamuru figo zishike maji na chumvi.

Kama mtu amejeruhiwa kweli, hiyo ni kinga nzuri ya siku moja. Lakini moyo dhaifu ni dhaifu kila siku. Wahenga walisema, la mgambo likilia kuna jambo. Sasa fikiri juu ya kijiji ambacho la mgambo linalia usiku na mchana, mwaka mzima. Watu wanakimbia tu. Hawalimi, hawalali. Mwisho kijiji kinaangamia kwa ile mbiu yenyewe. Ndivyo moyo unavyochakaa.

Basi watafiti wakatafuta dawa za kunyamazisha mbiu hiyo. Mwaka 1987 yalitolewa matokeo ya utafiti wa dawa ya enalaprili uliofanywa Sweden, Norway na Finland. Wagonjwa walikuwa 253, na hali zao zilikuwa mbaya sana. Katika miezi 6, kati ya kila wagonjwa 100 wasiopata enalaprili walikufa 44. Kati ya kila 100 waliopata enalaprili walikufa 26. Toa 26 katika 44, utapata 18. Watu 18 katika kila 100 walikuwa hai kwa sababu ya kidonge.

Mwaka 1999 yakaja matokeo ya spironolaktoni, dawa inayozuia homoni nyingine ya mbiu ile ile. Wagonjwa walikuwa 1,663. Baada ya miaka 2 hivi, kati ya kila 100 wasioipata walikufa 46, na kati ya kila 100 walioipata walikufa 35.

5. PUNDA ALIYECHOKA

Punda akilemewa na mzigo, kuna mambo mawili mtu anaweza kufanya. Anaweza kumchapa fimbo ili aende mbio, au anaweza kumpunguzia mwendo na mzigo.

Zamani watu wengi walitazamia kwamba moyo dhaifu ukichapwa utafanya kazi. Ikatengenezwa dawa ya milrinoni, ambayo inauongezea moyo nguvu ya kubana. Vidonge vyake vilijaribiwa kwa wagonjwa 1,088, na matokeo yakatolewa mwaka 1991. Kati ya kila 100 waliopewa milrinoni walikufa 30. Kati ya kila 100 wasiopewa walikufa 24. Fimbo ilikuwa inamuua punda.

Wakati huo kulikuwa na dawa za aina nyingine, ambazo hupunguza mwendo wa moyo. Madaktari walifundishwa kwamba dawa hizo ni mwiko kwa moyo ulioshindwa. Lakini mwaka 1975 madaktari wa Göteborg, Sweden, wakiongozwa na Finn Waagstein, walitoa habari za wagonjwa 7 waliopewa dawa za namna hiyo. Wagonjwa hao walipata nafuu. Watu wengi hawakuamini, na watu 7 ni wachache mno kuthibitisha jambo.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 kupata hakika. Mwaka 1999 utafiti wa bisoprololi, mojawapo ya dawa hizo, ulitoa jibu. Wagonjwa walikuwa 2,647. Kati ya kila 100 wasioipata walikufa 17 hivi. Kati ya kila 100 walioipata walikufa 12 hivi. Dawa iliyokuwa mwiko ikawa nguzo ya matibabu.

Lakini angalia jambo moja. Dawa hii huanzwa kwa kipimo kidogo, wakati uvimbe umekwisha kupungua, kisha huongezwa polepole. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kujisikia mchovu. Asiiache kwa sababu hiyo. Arudi zahanati akaeleze.

Hata habari ya kulala imebadilika. Zamani wagonjwa wengine waliamriwa kulala kitandani kwa wiki na hata miezi. Mwaka 2009 utafiti wa wagonjwa 2,331 ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa vizuri ni salama kwa mgonjwa aliyetulia.

6. MIAKA YA KARIBUNI

Mwaka 2019 dawa ya kisukari iitwayo dapagliflozini ilionekana kuwa ni dawa ya moyo pia. Zaidi ya nusu ya wagonjwa 4,744 wa utafiti huo hawakuwa na kisukari, nao walisaidika vile vile. Asili ya dawa za ukoo huu ni kitu kilichopatikana katika gome la mti wa tufaha huko Ulaya mwaka 1835. Tena ni mti.

Mwaka 2022 utafiti wa nchi 14, zikiwemo Msumbiji, Nigeria na Afrika ya Kusini, ulionyesha jambo lingine. Mgonjwa akitoka hospitali, dawa zake ziongezwe mapema, katika wiki mbili, huku akipimwa mara kwa mara. Wagonjwa wa namna hiyo walikufa au kurudishwa hospitali kwa uchache: 15 kati ya 100, badala ya 23.

Sasa tufike kwenye swali letu: je, mgonjwa aliyepata nafuu aache dawa? Mjini London walijaribu kulijibu. Walichukua wagonjwa 51 ambao mioyo yao ilikuwa imerudia hali nzuri kabisa. Kwa kura, 25 waliachishwa dawa taratibu, wakiangaliwa na madaktari. Wengine 26 waliendelea. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Katika miezi 6, kati ya wale 25 ugonjwa uliwarudia 11. Kati ya wale 26 haukumrudia hata mmoja.

Soma tena hesabu hiyo. Watu hao walijisikia wazima, na vipimo vilionyesha wazima. Ni dawa iliyokuwa imewashikilia.

7. KWETU AFRIKA

Utafiti mwingi tuliousoma ulifanywa Ulaya na Marekani. Huko wagonjwa wengi ni wazee, na chanzo kikubwa ni kuziba kwa mishipa inayolisha moyo. Kwetu mambo ni tofauti.

Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la juu la damu, yaani presha. Mwaka 2014 yakatoka matokeo ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa 427 walichunguzwa. Umri wa wastani ulikuwa miaka 55, na 45 kati ya kila 100 walishindwa moyo kwa sababu ya presha.

Mtu wa miaka 52 au 55 bado analima na kusomesha watoto. Moyo wake ukishindwa, nyumba nzima inayumba. Na presha haiumi. Inaharibu moyo kimya kimya.

Vyanzo vingine vya kwetu ni homa inayofuata maumivu ya koo kwa watoto, ambayo huharibu milango ya moyo. Kuna pia kulegea kwa moyo kwa mama mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 baada ya kujifungua. Mama huyo huambiwa, "Ni uchovu wa uzazi tu." Akishindwa kulala chali, si uchovu. Apelekwe hospitali.

Mioyo yote iliyoshindwa haifanani. Mingine imelegea, mingine imekakamaa. Dawa nyingi tulizozitaja zilithibitishwa kwa moyo uliolegea. Kwa hiyo mgonjwa akipewa rufaa kwenda kupigwa picha ya moyo, aende. Picha hiyo ilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, kwa kutumia chombo kilichokuwa cha kukagua vyuma. Haina maumivu. Ni mawimbi ya sauti kama yale ya kumwangalia mtoto tumboni.

8. TUFANYE NINI

(1) Kila mtu mzima apime presha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, aanze matibabu.

(2) Mtoto mwenye koo linalouma na homa afikishwe zahanati. Hasa aliyekwisha kupata homa na maumivu ya viungo.

(3) Mgonjwa wa moyo asiache wala kupunguza dawa mwenyewe. Afike kabla vidonge havijaisha. Akikosa dawa au fedha, aje aseme.

(4) Apime uzito kila anapoweza. Ukiongezeka kilo 2 katika siku 3, hayo ni maji. Asiye na mizani aangalie kandambili. Zikianza kubana, arudi zahanati.

(5) Asitumie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo au viungo bila kuuliza. Dawa hizi hushikisha maji mwilini na kuumiza moyo.

(6) Apunguze chumvi, pamoja na samaki wa chumvi.

(7) Asichanganye dawa za hospitali na miti shamba bila kumweleza mganga. Hakuna atakayemgombeza.

(8) Mwanamke anayetumia enalaprili akitaka kupata mimba, au akihisi ameipata, aje upesi abadilishiwe. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

(9) Aliyetulia atembee kila siku kwa kadiri ya pumzi yake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Homoni: kemikali zinazotengenezwa na mwili kupeleka amri sehemu mbalimbali.
Figo: viungo viwili vinavyochuja damu na kutengeneza mkojo.
Utafiti: kutafuta ukweli wa jambo kwa mpango na kwa hesabu.
Wastani: jumla ikigawanywa kwa idadi ya watu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini uvimbe ukiisha si lazima ugonjwa uwe umekwisha?
2. Kwa nini watafiti hugawa wagonjwa kwa kura? Linganisha na majaribio ya mbolea.
3. Katika utafiti wa London, waliendelea na dawa wangapi, na ugonjwa uliwarudia wangapi? Hilo linatufundisha nini?
4. Katika kikundi chenu, ni wangapi wamepima presha mwaka huu? Wasiopima watapima siku gani?
5. Je, kuna jirani aliyeacha dawa za moyo? Nani atakwenda kuzungumza naye, na atamwambia nini?